Ishara Nilizozikata kwa Kalamu Nyekundu

Ninalo daftari moja ambalo nimehama nalo nyumba mara mbili bila kulifungua. Ndani yake kuna safu mbili. Upande wa kushoto nimeandika ishara za mikono ambazo mama mmoja na bintiye asiyesikia walikuwa wamejitungia wenyewe ili waelewane. Upande wa kulia nimeandika ishara nilizotaka wazitumie badala ya hizo. Zile za kushoto zote nimezikata kwa kalamu nyekundu, moja baada ya nyingine, kadiri walivyoziacha. Siku hizo nilijiona nafanya kazi ya maana sana. Mwalimu akishashika kalamu nyekundu huwa hajishuku, na mimi nimekuwa mwalimu wa Kiswahili kwa miaka mingi.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Kambi Muru, Kibera, na nilikuwa nikifundisha Kawangware katika shule ndogo ya mabati. Asubuhi nilivuka Ngong Road kwa miguu, na nilipofika darasani viatu vyangu havikuwa na rangi inayojulikana. Baada ya ule mwaka wa korona, kila mtu alikuwa ameamka na wazo kwamba watoto wa mitaa yetu wangeokolewa na mtandao. Shirika moja lilituletea vishikwambi, kama vitabu vinavyotutaka tuviite, na likatuomba sisi walimu wa lugha tuzipime programu za kufundishia. Tulipewa fomu ya kurasa nne kwa kila programu. Mwishoni tulitoa nyota, kuanzia moja hadi tano, na maoni yetu yakawekwa mtandaoni kwa akaunti ya shule ili wazazi na walimu wengine wayasome.

Nilikuwa mkali, na sitaki kujifanya kwamba sikuufurahia ukali huo. Kulikuwa na programu moja iliyofunza maamkizi kwa sauti ya mwanamume aliyeongea kama mtu anayesoma tangazo la kifo. Humo mtoto alimwamkia ng'ombe shikamoo. Mwanafunzi wangu wa gredi ya pili, ambaye maishani mwake hakuwahi kumsalimu mtu zaidi ya sasa na niaje, alinitazama akauliza, "Teacher, kwani huyo ng'ombe ni mkubwa wa nani?" Nikaipa nyota moja. Nyingine ilirusha tangazo la kamari katikati ya herufi za alfabeti, nikaikataa hapo hapo. Nyingine ilitaka mtandao kila dakika, na bando za shule yetu zilikuwa za kuhesabu. Walimu wenzangu walianza kuniita mahakama ya rufaa, nami nikavimba kichwa.

Katika ploti yangu kule Kambi Muru, mlango wa tatu kutoka kwangu, ndiko walikoishi mama huyo na binti yake. Mama alikuwa ametoka Kitui akiwa msichana, na kazi yake ilikuwa kufua nguo za watu huko Kilimani. Binti alikuwa na miaka sita. Homa ya uti wa mgongo ilikuwa imempokonya masikio kabla hajajua kutamka neno. Hakuwa shuleni, kwani mama hakujua shule gani ingempokea, na kila aliyemuuliza alimtuma kwa mwingine. Mchana kutwa mtoto alishinda na mwenye ploti, bibi wa Kinubi ambaye sote tulimwita haboba, yaani nyanya kwa lugha yao. Haboba alikaa mlangoni kwake akisuka tabaga, zile sinia za ukili za rangi rangi, na mtoto alimpangia nyuzi.

Wao watatu walikuwa na lugha yao. Haboba mwenyewe aliitwa kwa vidole viwili vinavyosokotana. Mvua ilikuwa kugongagonga utosi, uji ulikuwa kupuliza kiganja. Mimi niliitwa kwa kidole kimoja kilichoinuliwa juu na kutikiswa, na nilipogundua hilo ndilo jina langu, nilicheka, ingawa lilinichoma kidogo.

Ishara moja ilikuwa na historia yake, na nilisimuliwa na mama. Siku ya kwanza aliyomwacha mtoto kwa haboba aende kazini, mtoto alimng'ang'ania miguu. Hakuwa na namna ya kumwambia kwamba jioni angerudi. Basi akavua herini yake moja, akamvisha mtoto sikioni, nyingine akabaki nayo. Akashika sikio lake lenye herini, kisha akalishika la mtoto, akaondoka. Jioni aliporudi, akazirudisha herini mbili pamoja, mtoto akaona. Wakafanya hivyo kwa wiki kadhaa, hadi herini zikawa hazihitajiki tena. Mama akishika sikio lake na kulibana kidogo la bintiye, mtoto alijua: naenda, lakini narudi.

Niliipata ile programu Jumapili moja mchana, nikiwa natafuta nyingine kabisa. Ilifunza lugha ya ishara. Mwanamke mwenye blauzi ya buluu alisimama mbele ya ukuta mweupe, mikono yake ikaonekana wazi hadi kucha, na chini yake kila neno limeandikwa kwa Kiswahili. Na kilikuwa Kiswahili hasa. Ngeli zote zilikaa mahali pake, katika jiji hili ambamo hata mimi nikiwa sokoni huziacha ngeli nyumbani. Ilikuwa ya bure, haikuwa na matangazo, na ukishaipakua haikuhitaji mtandao. Nilijaza fomu nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota pete. Swali la kumi na moja liliuliza: je, lugha inayofunzwa ndiyo inayotumiwa na jamii ya mwanafunzi? Niliweka alama ya ndiyo bila hata kuinua kalamu. Nilidhani ishara ni moja ulimwengu mzima, kwa kuwa mikono ni mikono. Hakuna aliyeniambia hivyo, na hakuna niliyemuuliza.

Niliipa nyota tano. Maoni yangu nayakumbuka neno kwa neno: "Chombo kinachofaa kwa kila mzazi wa mtoto asiyesikia nchini."

Jioni hiyo nilimwekea mama programu kwenye simu yake. Ndipo nilipotoa daftari. Nilimweleza kwamba ishara zao za nyumbani ni nzuri lakini ni za watu watatu tu, na kwamba mtoto anahitaji lugha kamili, ya watu wote. Tukaziandika ishara zao, tukatafuta za mwanamke wa blauzi ya buluu za kukaa badala yake. Mama alikubali kila nilichosema, kwa ile heshima ambayo watu ambao hawakumaliza shule huwapa walimu, na ambayo walimu wengi hatuistahili. Tulipofika kwenye ishara ya sikio alisita.

"Hata hii, mwalimu?"

"Hata hiyo," nikamwambia. "Huko nje hakuna mtu ataielewa."

Alijifunza. Hilo lazima niliseme, maana watu nikiwasimulia hudhani mambo yaliharibika tangu mwanzo. Hayakuharibika. Mama alikuwa akitoka Kilimani na vidole vilivyokunjamana kwa maji ya sabuni, anakaa kizingitini na simu, mtoto katikati ya magoti yake, na wanafuatisha. Mwaka wa kwanza haujaisha walikuwa wakibishana. Mwaka wa pili wakawa na utani wao, nami nikawa naachwa nyuma. Jioni moja mama alikuja kwangu mbio na leso imemponyoka begani. Mtoto alikuwa amemsimulia ndoto. Aliota kuwa bomba la maji la ploti limetoa maziwa, watu wote wamepanga madumu, na haboba ndiye amekuwa wa kwanza. Miaka minane, na ndiyo mara ya kwanza mama kujua mtoto wake huota nini. Alisimama mlangoni kwangu akalia, nami nikalia naye, na nilipobaki peke yangu nikalifungua daftari nikakata ishara tatu za mwisho.

Haboba peke yake hakufurahi. Siku moja nikipita mlangoni kwake aliniambia, mikono ikiendelea kusuka, kwamba mtoto ameacha kumwita. Siku hizi akija humpungia tu mikono, na yeye hajui anaambiwa nini. Nikamwahidi kwamba na yeye ningemfundisha. Sikumfundisha, kazi zilikuwa nyingi.

Mwishowe mhudumu wa afya wa mtaa alitupatia miadi katika ofisi ya kupima watoto wenye mahitaji maalumu, ili mtoto atafutiwe shule. Mama aliomba niandamane nao. Alivaa gauni lake la kanisani. Aliyempima mtoto alikuwa kijana mmoja, mwalimu, naye pia hasikii. Alikaa mbele ya binti akamwuliza jambo kwa mikono. Binti akamtazama, akaangalia mikono ile tena, kisha akaanza kueleza mambo yake yote kwa haraka na kwa majivuno. Akaliandika jina lake hewani, herufi kwa herufi, akitumia mikono yote miwili kama mwanamke wa blauzi ya buluu alivyomfunza. Yule kijana alitabasamu mwanzoni. Kisha tabasamu likabaki mdomoni bila kazi. Akaliandika jina hilo hilo yeye, kwa mkono mmoja tu, na binti hakutambua hata herufi moja.

Kijana akavuta karatasi, akaandika, akanisogezea mimi. "Amefunzwa wapi? Mikono yake ni myepesi na ana akili sana. Lakini hii si lugha yetu ya ishara ya Kenya. Hii ni ya nchi nyingine."

Niliyasoma maneno hayo mara mbili. Miaka miwili nilikuwa nimeyasoma maandishi ya Kiswahili yaliyokuwa chini ya yule mwanamke. Mikono yake sikuwahi kuuliza inatoka wapi. Mtu fulani mwema, mahali fulani, alikuwa amechukua ishara za kwao akazitafsiria maneno tu, na mimi, mahakama ya rufaa, nikapiga muhuri.

"Anasema nini, mwalimu?" mama akauliza.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, mkoba juu ya magoti, anasubiri sifa za mtoto wake. 

"Anasema mtoto ana akili."

"Tu?"

"Anasema mikono yake ni myepesi."

Nikaikunja ile karatasi nikaitia mkobani mwangu. Nilijiambia ningemweleza tukifika nyumbani. Tulipofika nyumbani nikajiambia ningesubiri mtoto apate shule kwanza. Mtoto akapata shule, ya bweni, ya watoto wasiosikia, mbali na Nairobi, nami nikajiambia kwamba huko watamfunza upya na mambo yatajipanga yenyewe. Niliogopa. Sina neno lingine la kulipamba.

Na kwa kuwa sikusema, mama aliendelea kujifunza. Muhula mzima wa kwanza, mtoto akiwa hayupo, alitoka kazini akakaa kizingitini pale pale na simu yake. Alisema hataki mtoto arudi amkute amebaki nyuma, maana huko shuleni lazima anafunzwa mengi. Wakati mwingine alinigongea mlango anipe simu nimpime masomo, mimi nitaje neno, yeye aonyeshe ishara. Nilikaa kwenye kigoda changu nikataja maneno. Akikosea, nilimsahihisha. Nikiwa na karatasi ya yule kijana kwenye mkoba uliotundikwa msumarini juu ya kichwa changu, nilimsahihisha.

Aprili mtoto akaja likizo. Alikuwa amerefuka, sweta ya shule imemkaa vizuri. Mama alikuwa ameandaa sentensi ndefu ya kumpokea, ameifanyia mazoezi kwa siku nyingi, naijua kwa sababu niliisahihisha. Alisimama katikati ya ua akaisema yote kwa mikono. Mtoto alimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni anayejitahidi. Halafu akageuka haraka kuangalia langoni, kuona kama kuna mtu mwingine aliyeona. Kisha akajibu kwa ishara zake mpya, upesi upesi, mkono mmoja ukifanya kazi yote, na mama hakupata hata moja.

Ripoti ya shule ilikuwa na mstari mmoja chini, kwa mwandiko wa mwalimu wa darasa. Ilisema mwanzoni mtoto alichekwa na wenzake kwa sababu ya ishara zake za kigeni, lakini sasa amezizoea za wenzake na anaendelea vyema. Mama alikuja nayo kwangu Jumamosi mchana. Nilikuwa naosha vyombo. Hakuingia ndani.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku ya ofisi."

Alitazama mikono yangu ndani ya karai, akatazama na yake. Nilimngoja anitukane. Ningeshukuru kama angenitukana.

"Hiyo miezi yote nilikuwa naongea na nani, mwalimu?" akasema. Hakupandisha sauti. Akaniwekea ripoti juu ya kizingiti kana kwamba ni kitu changu nilichosahau kwake, akarudi mlangoni pake.

Nilimwomba msamaha siku hiyo na siku nyingine nyingi. Alinisamehe, kwa namna ya jirani mnayetumia naye bomba moja na choo kimoja. Hakuwa na nafasi ya kuninunia. Lakini tangu hapo hakunipa simu yake nimpime tena.

Nilijaribu kurekebisha nilichoweza. Kwanza nilikwenda mtandaoni kuyafuta maoni yangu. Shirika lilikuwa limekwisha kuondoka na mradi wake, na nywila ya ile akaunti ya shule hakuna aliyeikumbuka. Maoni yangu yalikuwa bado yako juu kabisa, nyota tano zinang'aa, na watu wengi walikuwa wamebonyeza kuonyesha kwamba yamewafaa. Chini yake mzazi mmoja alikuwa ameandika kwamba mwanawe ana miaka minne, na ameona mwalimu wa Kawangware ameisifu, je, aanzie somo gani? Nilimjibu kwa simu yangu mwenyewe. Nilimwandikia asianze, nikamweleza sababu, nikampa nyota moja yule mwanamke wa blauzi ya buluu, ambaye kwa kweli hakunikosea lolote. Jibu langu likaingia chini kabisa ya orodha. Sijui kama mzazi huyo alilisoma.

Kisha nikamtafuta yule kijana wa ofisini. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu, lakini yeye aliandika tu kwamba si mimi wa kwanza. Alinionyesha video zilizotengenezwa na viziwi wa hapa hapa nchini. Picha zake zilikuwa na giza, nyingine zilichukuliwa kwa simu chumbani, na maandishi yake yalikuwa na makosa ambayo zamani yangenifanya nizitupe kabla ya dakika moja kwisha. Nilizipeleka kwa mama. Alizitazama. Alijifunza chache, chakula, kulala, shule, mgonjwa. Lakini mtoto sasa alikuwa nyumbani kwa wiki chache tu kwa mwaka, na kila likizo alirudi na maneno zaidi, mikono ikizidi kasi. Mama alikuwa amechoka kwa namna ambayo haiondoki kwa kulala. Mara moja aliniambia kwamba mtu hawezi kuanza kumjua mtoto wake mara tatu.

Walikaa pamoja jioni kizingitini, mtoto sasa kando, si katikati ya magoti. Mama alimuuliza kama ameshiba, mtoto akajibu ameshiba. Akamuuliza kama anaumwa, akajibu haumwi. Kama mtoto aliendelea kuota ndoto, hakuna yeyote katika ploti ile aliyezijua. Jioni nyingine nilimwona akijaribu kumweleza mama jambo refu, lenye watu wengi ndani yake na kicheko mwishoni. Alilirudia mara mbili. Mara ya tatu akaliacha katikati, akamshika mama bega, akaingia ndani.

Januari iliyofuata nilikwenda nao kumsindikiza. Gari la shule liliwachukulia watoto katika uwanja wa kanisa moja kando ya Ngong Road. Uwanja ulikuwa umejaa watoto wanaosalimiana kwa mikono, na binti alipoingia tu, rafiki zake walimwona kutoka mbali wakaanza kuongea naye wakiwa upande wa pili wa uwanja. Sijawahi kumwona akicheka vile nyumbani. Sisi tuliowasindikiza tulisimama pembeni na masanduku, wengi wetu tukiwa hatuelewi lolote.

Watoto wakaanza kuitwa garini kwa kupungiwa kitambaa. Mama alimrekebisha mtoto kola, akamfunga kifungo ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. Niliona anatafuta la kumwambia. Aliinua mkono kuanza moja ya ishara za zile video, akaikosa, akaishusha. Kisha akashika sikio lake mwenyewe, akalibana. Akanyoosha mkono, akalishika na kulibana kidogo la bintiye.

Mtoto alishtuka. Akarudi nyuma nusu hatua, akajipangusa sikio kwa mkono wa sweta, akautazama mkono ule wa sweta, akapangusa tena, kwa nguvu zaidi. Halafu akanigeukia mimi. Akaniuliza kwa mikono yake, na uso wake wote ukiuliza, na hata mimi nisiyejua ishara zake nilielewa anataka kujua nini.

Nilikuwa na jibu. Liko kwenye daftari langu, ukurasa wa kwanza, mstari wa nne: sikio, naenda lakini narudi. Nimelikata vizuri, kwa rula. Niliinua mikono nimwambie, na mikono yangu ikaleta ishara ya mwanamke wa blauzi ya buluu, maana ndiyo pekee niliyokuwa nayo. Mtoto akatazama pembeni haraka, rafiki zake wasione. Nikaishusha.

"Anauliza nini?" mama akasema.

Safari hii sikumdanganya. "Anauliza kama sikio lake ni chafu."

Kitambaa kilipungwa tena, na mtoto akainama kushika sanduku lake.

"Mwambie ni safi," mama akasema.

Na hilo pia sikujua kulisema.